Tanzia ya Mzee wa Lango

Mkubwa wangu aliniita ofisini kwake asubuhi moja kuniuliza kwa nini watu wetu hawabonyezi.

"Ile ya kifurushi cha posta imenasa wangapi?"

"Wawili, mkubwa."

"Na ile ya zawadi?"

"Hakuna."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Nilidhani angefurahi. Serikali ilikuwa imeleta fedha za kuboresha teknolojia katika ofisi za umma za mashinani, na ofisi yetu hapa Kakamega ilikuwa mojawapo. Tulikuwa tumepata kompyuta mpya, seva, na mafunzo ya kujikinga na wezi wa mtandaoni. Mimi nilikuwa nimeajiriwa na mradi huo kwa mkataba, mwaka mmoja tu baada ya kumaliza chuo kikuu. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuwatumia wenzangu barua pepe za uongo, mfano wa zile wanazotuma matapeli, ili tuone ni nani angebonyeza na kuandika paswadi yake mahali asipopajua. Barua hizo tuliziita chambo. Mradi ulitupa orodha ya chambo kumi na mbili, na tuliagizwa tusitoke nje ya orodha hiyo.

"Nikiandika kwamba watu wetu hawanaswi," mkubwa akasema, "wataniuliza mafunzo ni ya nini. Awamu ya pili itaenda kaunti nyingine."

"Hawabonyezi kwa sababu hawasomi, mkubwa. Nani hapa ametumiwa kifurushi na posta maishani mwake?"

"Basi tafuta kitu cha hapa hapa."

Hakuniambia kitu gani, na sikumwonyesha nilichoandika. Nasema hivyo mapema kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa nikijiambia kwamba aliniagiza.

Siku hizo nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu. Nilihoji kwa nini chumba cha seva kiliwekewa mashine ya kupoza hewa huku paa la masijala, chumba kinachohifadhi faili zote za wananchi, likivuja kila mvua ya alasiri. Nilihoji kwa nini mafunzo yalifanyika hotelini, na kwa nini wataalamu kutoka Nairobi walituonyesha picha za mwizi aliyevaa kofia ya sweta, kana kwamba mwizi akivaa shati la kawaida hawezi kuiba. Wenzangu walicheka nikisema hivyo mkahawani, nami nilipenda wakicheka.

Mtu aliyenikera kuliko wote alikuwa mama wa masijala. Alikuwa amekaa katika chumba kile tangu kabla sijazaliwa, na alijua kwa kichwa kila faili ilipo. Ukimtajia shamba la mtu wa Isecheno, angeinuka huku bado unaongea, akarudi na faili yenyewe. Kilichonikera ni daftari lake. Alikuwa na daftari moja la kurasa mia mbili, lenye jalada la karatasi ya kaki, na ndani yake aliandika paswadi za ofisi nzima. Watu walisahau paswadi zao, yeye akawakumbusha. Mkubwa mwenyewe alikuwa akichungulia dirishani kwake asubuhi na kuuliza, "Mama, mimi ni nani leo?" naye alimsomea kwa sauti, watu wote wa foleni wakisikia.

Ukiligeuza daftari lilelile na kulifungua kutoka nyuma, ulikuta majina ya waliofariki, na chini ya kila jina wale waliokwenda kuzika. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza mambo ya misiba pale ofisini. Baba ya mtu akifa, habari ilifika kwake kwanza, na siku hiyohiyo, kabla hema halijafungwa wala kamati haijakaa, angechukua majani ya chai na sukari, akatangulia kwenye boma la msiba kwa niaba yetu sote. Sisi wengine tulifuata siku ya mazishi kwa gari la ofisi. Hakuna aliyemchagua kufanya hivyo. Ilikuwa ndiyo desturi yetu.

Wiki yangu ya pili kazini nilimnyang'anya lile daftari. Alipolalamika juu ya majina ya marehemu, nililikata katikati kwa wembe, nikamrudishia nusu ya nyuma. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama pale nyuzi za mshono zilipokuwa zikining'inia.

"Mami," aliniambia, kama alivyowaita wasichana wote, "hata kitabu unakikatanga hivi bila kukiambia pole?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Kwa hiyo mkubwa aliponiambia nitafute kitu cha hapa hapa, sikuhitaji kufikiri sana. Nilijua ofisi yetu haipuuzi msiba. Nilichotafuta ni marehemu, na huyo nilimchagua kwa makini ambayo hadi leo inaniaibisha. Nilitaka mtu ambaye kila mmoja angemsikitikia lakini hakuna ambaye angeweza kumpigia simu na kuhakikisha. Nikamkumbuka mzee wa lango.

Alikuwa askari wa lango letu kwa miaka mingi, akastaafu akarudi kwake Shinyalu. Nilimfahamu. Nilipokuwa mwanafunzi nikija pale kwa mazoezi ya kazi, yeye ndiye aliyekuwa akinisubiri mlangoni mvua inapoanza, na mwavuli wake mkubwa wa kijani uliovunjika ubavu mmoja, akinivusha hadi barabarani. "Msomi asilowe," alikuwa akisema. "Maarifa yataoza." Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, na mara nyingi ilikuwa imezimwa.

Niliandika hivi: "Tanzia. Kwa masikitiko makubwa tunawatangazia kifo cha mzee wetu wa lango aliyestaafu. Bonyeza hapa, uingie kwa paswadi yako, uandikishe jina lako kati ya watakaosafiri kwa mazishi." Sikutaja jina. Nilijiambia kwamba bila jina hakuna aliyesingiziwa kifo.

Niliituma saa tano asubuhi. Barua pepe za ofisi sasa zilikuwa zikiingia moja kwa moja kwenye simu za watu, na mimi nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta nikitazama majina yakitokea, moja chini ya lingine. La kwanza lilikuwa la mama wa masijala. Lilitokea hata kabla sijarudisha kikombe changu mezani. Kisha wa fedha, kisha wa mipango, kisha madereva. Nje ya mlango nilisikia mtu akisema, "Haki mzee wetu!" na mwingine, "Si juzi tu nimemwona sokoni?"

Nilifurahi. Siwezi kulipamba hilo. Nilikuwa nimethibitisha jambo nililokuwa nikilisema mkahawani, kwamba hawa watu wanaamini chochote.

Kanuni ya mradi ilikuwa kusubiri wiki iishe kabla ya kuwaambia watu kwamba lilikuwa jaribio. Nilienda kula. Niliporudi, dirisha la masijala lilikuwa limefungwa na foleni ya watu sita ilikuwa imesimama pale. Niliwauliza mama yuko wapi, wakasema ametoka mbio. Sikujiuliza ametoka kwenda wapi. Mimi, mtu wa kuhoji kila kitu.

Kesho yake asubuhi alikuja chumbani kwangu kabla ya kwenda kwake. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, ikitoka kama karatasi inayokwaruzwa.

"Mami, nimeaibika."

Nikamvutia kiti.

"Nilichukua pikipiki hadi Shinyalu. Nikashukia pale kona ya chai, nikaanza kulia kutoka barabarani. Si ndivyo tunafanyanga? Huwezi kuingia boma la msiba umenyamaza kama mwizi. Sasa, mama wa boma alikuwa ndani ya chai anachuma. Na mzee alikuwa ametoka asubuhi kwenda kliniki ya macho, huku mjini. Mama anasikia mimi nalia na jina la mzee wake. Anajua gari limemgonga. Akatupa kikapu, akakimbia, akaanguka kwa mtaro. Mkono huu," akaonyesha wake wa kulia, "umefura hivi."

"Amevunjika?"

"Wanasema haijavunjika. Lakini ngoja. Majirani wamesikia, wamekuja, wanalia pia. Viti vimetolewa. Kuna mtu ameshaenda kuuliza bei ya hema. Saa kumi hivi, pikipiki inaingia. Mzee anashuka na dawa yake ya macho mkononi. Anatuangalia. Anauliza, 'Nani amekufa hapa kwangu bila kuniambia?'"

Akacheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika, kisha mabega yakaendelea kutikisika na hakuwa akicheka tena.

"Hakuingia kwa lango lake. Wazee wa kwao walikataa. Mtu ambaye ameliliwa haingii mbele. Walikata ua nyuma ya jikoni, akapita hapo ameinama kama kuku. Na kondoo akachinjwa wa kumtakasa. Mimi ndiye nimelia, mami. Mimi ndiye nilimpeleka huko kwa wafu."

Nilimwambia si kosa lake.

"Najua si kosa langu. Kuna mtu ameandika. Wewe ndiye umesoma hizi vitu. Nitafutie huyo mtu."

Kompyuta yangu ilikuwa wazi mezani kati yetu. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na kama angeinama kidogo angeliona. Niliishusha kifuniko taratibu.

"Nitamtafuta, mama," nikasema.

Ijumaa mkubwa alitukusanya, akaeleza kwamba ilikuwa chambo ya mradi. Watu walinung'unika. Dereva mmoja alisema, "Hao wa Nairobi hawana mama zao?" Kila mtu akaelewa kwamba wa Nairobi ndio walioandika, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya projekta nikizungusha waya mkononi. Mama wa masijala akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mimi nauliza kitu kimoja tu. Watu wa Nairobi walijuaje kwamba tulikuwa na mzee wa lango?"

Mkubwa akanitazama. Wote wakanitazama, maana mimi ndiye mtaalamu.

"Labda walibahatisha," nikasema. "Kila ofisi ina lango."

Aliniangalia, kisha akashusha mkono.

Baada ya mkutano mkubwa alitaka ripoti. Ilikuwa na sharti moja zito: mtu yeyote anayeshughulikia rekodi za wananchi akinaswa, hapewi ruhusa ya kuingia kwenye mfumo mpya. Wengi walikuwa wamenaswa, lakini wa fedha na madereva hawakugusa rekodi za watu. Aliyezigusa alikuwa mmoja. Na masijala yote ilikuwa ikihamishiwa kwenye mfumo, kwa hiyo asiyekuwa na ruhusa hakuwa na kazi ya kufanya ndani ya chumba kile. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kujaza: chambo iliyotumika. Kama ningeandika kwamba niliitunga mwenyewe nje ya orodha, matokeo yote ya siku hiyo yangefutwa, ya mama wa masijala pamoja na ya wengine, na mkataba wangu pengine pamoja nayo. Nilikaa na ile nafasi tupu mchana mzima. Nilijiambia kwamba hata hivyo alibonyeza. Nilijiambia kwamba tapeli wa kweli asingemhurumia. Hoja zote zilikuwa nzuri, na nilipomaliza kuzipanga niliandika: "Kutoka orodha ya mradi."

Mkubwa alisoma ile sehemu mara mbili.

"Hii ya tanzia iko kwenye orodha?"

"Iko karibu na ile ya ustawi wa wafanyakazi."

"Karibu," akasema, akatia sahihi.

Mama wa masijala alihamishiwa ofisi ndogo ya Musanda, kwenye miwa, ambako kulikuwa na meza, kitabu cha wageni, na hakuna kompyuta. Kutoka kwake ilikuwa safari ya magari mawili kwenda na mawili kurudi. Siku yake ya mwisho alinitembeza masijala yote na funguo mkononi.

"Za Isecheno ziko hapa chini, si pale juu zilipoandikwa. Pale panavuja. Hizi zenye uzi mwekundu wenyewe wanashtakiana, usiwape bila kuniuliza... bila kuuliza mkubwa. Na hii kabati inafunguka ukiipiga teke hapa."

Akaipiga teke, ikafunguka. Nikaandika kila kitu. Hakuniuliza kama nimempata yule mtu.

Miezi iliyofuata watu walisimama dirishani saa nzima wakisubiri faili ambazo mfumo ulisema zipo na sisi hatukuziona. Kila mara nilipoipiga kabati teke nilimkumbuka. Ilipotokea safari ya kwenda kuweka intaneti Musanda, nilisema tumbo linaniuma, nikampa mwenzangu aende.

Lakini ripoti zetu zilipendeza. Watu hawakubonyeza tena kitu chochote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeufundisha mfumo wetu wa kinga kuitilia shaka barua yoyote yenye neno tanzia na kiungo cha kubonyeza, ije kwangu kwanza ikiwa na alama ya manjano, nami niamue kama ipite au izuiwe. Awamu ya pili ya fedha ilikuja kwetu. Mkubwa alinipa mkono mbele ya wageni.

Kisha, mvua za masika zikiwa zimechacha, ilikuja barua yenye alama ya manjano. Ilisema mzee wetu wa lango aliyestaafu amefariki, na kwamba ukibonyeza hapa utaona ratiba ya mazishi. Ilikuwa imetoka ofisi ya masuala ya wafanyakazi, ghorofa moja chini yangu. Ningeweza kushuka ngazi na kuuliza. Nilifikiri: kuna mtu ameiba maneno yangu. Kuna tapeli amepata ile chambo ya kwanza na sasa anaitumia kwetu. Nikahisi kitu kama fahari kwamba nimemtambua haraka. Nikabonyeza zuia. Barua haikumfikia mtu yeyote.

Jumanne ya wiki iliyofuata mama wa masijala alisimama mlangoni kwangu. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu uliokauka hadi kwenye visigino. Hakuketi.

"Tumemzika mzee Jumamosi," alisema. "Nimekuja kuuliza kama nyinyi bado mko."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka ile barua yenye alama ya manjano.

"Mimi nilisikia kwa mdomo, Musanda, mtu wa pikipiki ameniambia. Nikasema sawa, wao wako mjini, wamesikia kabla yangu. Nikaenda. Nikakaa siku mbili. Kila gari likiingia mama wa boma ananiuliza, 'Hao ni wa ofisi?' Nasema bado. Jumamosi jeneza linashuka, ananiangalia tu."

"Barua ilikuja," nikasema. "Mimi niliizuia."

"Uliizuia kwa nini?"

"Nilidhani ni ya uongo."

"Kwa nini ifanane na ya uongo?"

Alikuwa amepata njia ya kuuliza lilelile swali la mkutanoni kutoka upande mwingine. Nje, mvua ilianza kupiga mabati ya masijala.

"Kwa sababu ile ya kwanza niliandika mimi," nikasema. "Si wa Nairobi. Niliandika mimi, hapa, kwenye meza hii."

Alivuta kiti, akakikalia nusu, kama mtu asiyetaka kukiamini. Akasema, taratibu:

"Ni wewe ulinipeleka kulia."

"Ni mimi, mama."

"Na nikakuomba umtafute."

"Ndiyo."

"Na ukaniambia utamtafuta." Akatikisa kichwa. Nilisubiri anitukane, nilitaka anitukane. "Huyu mzee alikuwa anakufunikanga na mwavuli," akasema. Kisha akainuka. "Chukua koti. Mimi sitakubebea hii. Utamwambia mama wa boma mwenyewe."

Tulikwenda Shinyalu sote wawili nyuma ya pikipiki moja, yeye katikati na mimi nyuma kabisa. Tulipofika kona ya chai alimwambia dereva asimamishe. Akashuka. Nilidhani angeanza kulia, lakini alitembea kimya, na mimi nikamfuata kwa kile kijia, nikisikia jinsi ule ukimya ulivyokuwa mbaya. Kaburi lilikuwa bado bichi kando ya migomba. Nyuma ya jikoni niliona ule mwanya kwenye ua, umezibwa kwa matawi mapya ambayo tayari yalikuwa yameanza kuchipua.

Mama wa boma alitukaribisha jikoni. Alipika chai akitumia zaidi mkono wa kushoto. Nilimweleza kila kitu, kutoka siku mkubwa aliponiita mpaka siku nilipobonyeza zuia. Nilieleza vibaya, nikirudia, nikitafuta maneno ya kawaida badala ya paswadi na chambo na mfumo. Alisikiliza akikoroga sufuria.

"Kwa hiyo ni mtego," alisema. "Kama wa panya."

"Ndiyo, mama."

"Na mnasema aliyeingia ndiye mwenye kosa."

Niliutazama mkono wake wa kulia.

"Siku ile mzee alicheka sana," aliendelea. "Usiku alikula ile nyama ya kondoo, akasema, sasa angalau nimeona nani atalia. Alihesabu kila mtu. Alisema, yule mama wa ofisi amelia mpaka sauti imekatika, kwa hivyo wa ofisi watajaza uwanja." Akanimiminia chai. "Walimlilia akiwa hai. Amekufa, wamekosa."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akanisukumia kikombe. Nilikunywa. Ilikuwa ya moto mno na sikuthubutu kuipuliza.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea mkubwa barua ya kurasa mbili. Niliandika kwamba chambo ile haikutoka kwenye orodha, kwamba niliitunga mimi, kwamba nilidanganya kwenye ripoti, na kwamba tanzia ya kweli niliizuia kwa mkono wangu, ndiyo maana hakuna aliyejiandikisha na gari la ofisi halikutoka. Aliisoma, akaiweka kifudifudi.

"Unataka nifanye nini na hii?"

"Umrudishe mama masijala."

"Nikimrudisha, nitaulizwa sababu. Nikitoa sababu, utaondoka."

"Najua."

"Wewe," akasema, "kila kitu unakiuliza. Hukuweza kuniuliza mimi kwanza?" Akatazama dirishani. "Na mimi niliona neno lako, karibu. Nililiona."

Wa mradi walikubali mama arudi kwa sharti kwamba afanye jaribio upya. Mkataba wangu ungeisha mwisho wa mwezi na usingeongezwa. Jaribio lilifanyiwa chumbani kwangu, yeye akiwa mbele ya kompyuta na mimi kando yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kulisimamia. Alijibu maswali ya kifurushi na ya benki bila tabu. Swali la mwisho liliongezwa na mradi baada ya mambo yetu: Umepokea ujumbe wa kifo cha mwenzako wenye kiungo cha kubonyeza. Utafanya nini? Chini yake palikuwa na majibu matatu. Bonyeza. Futa. Ripoti kwa kitengo cha TEHAMA. Kitengo hicho kilikuwa mimi.

Alisogeza uso karibu na kioo, akasoma mara ya pili, midomo ikitembea.

"Ya kwenda iko wapi?"

"Haiko, mama."

"Mtu amekufa, na ya kwenda haiko."

"Chagua ya tatu."

"Nikuripotie wewe." Akanitazama juu ya miwani, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akabonyeza ya tatu. Kioo kikageuka kijani, kikampongeza.

Alichukua funguo za masijala kwenye msumari. Mlangoni akasimama, akafungua mkoba wake, akatoa ile nusu ya daftari, nyuzi zake bado zikining'inia. Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na jina la mzee, na chini yake, pale alipokuwa akiandikanga waliokwenda, palikuwa na jina moja tu, la mama mwenyewe.

"Andika namba yako ya simu hapa pembeni," alisema. "Hata ukiondoka, andika. Mtu mwingine akifa nitakupigia mimi mwenyewe, kwa mdomo. Na ukisikia ni mimi, usianze kuniuliza kama ni kweli."

Nikaandika. Aliisoma tarakimu moja moja, kwa sauti, kuhakikisha kwamba ni yangu.